Meno Yasiyolingana

Gari lilirudi kutoka gereji ya Firq siku ya Ijumaa, baada ya sala, na Zakariya akaliingiza uani kinyumenyume ili majirani waone kwamba sasa anaendesha kwa gia za mkono. Lilipokata kona kwenye saruji, matairi yalilia. Lilikuwa likienda mwendo wa kinyonga, na bado yalilia, kama viatu vya mpira kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji. Fakhriya alikuwa mlangoni ameshika ufagio. Aliyatazama matairi, kisha akamtazama mumewe usoni, akaona anatabasamu.

"Imekuwa gari mpya," Zakariya alisema akiteremka. Dishdasha yake, kanzu ya Ijumaa, ilikuwa na doa la oili kiunoni na wala hakulijali. "Njoo ukae, ujaribu klachi. Laini kama pamba."

"Mbona matairi yanalia, Baba Azza?"

"Hiyo saruji. Mama kamwaga maji asubuhi."

Saruji ilikuwa kavu. Fakhriya aliona kwamba ni kavu, na alijua kwamba mumewe naye anaona.

Mama mkwe wake, Bi Shukriya, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa ncha ya kanga. "Mashallah. Basi yote hayo umeyafanya kwa mkono wako, mwanangu? Mungu akuweke. Marehemu babako akilifungua lori zima kule Bujumbura na kulifunga tena, na watu wakija kumtazama."

Zakariya aliinua kidevu kidogo, na Fakhriya akaona si wakati wa kuuliza zaidi.

Gari hilo lilikuwa ndilo miguu ya nyumba yao ya Manah. Fakhriya alikuwa mwalimu katika shule ya kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Al Hamra, mahali ambapo gari la kawaida halifiki; kipande cha mwisho kilikuwa changarawe tupu. Lilitakiwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na lao lilikuwa la namna hiyo. Kila siku ya shule alipanda nalo pamoja na walimu wawili wasichana, Nada na Maha, ambao wazee wao waliwaruhusu kufundisha mbali kwa sababu tu wanakwenda na mke wa mtu, mtu mzima, anayejulikana. Giaboksi ya otomatiki ilipokufa, baba yake Nada, Marzouq, ndiye aliyewapandisha kwa jipu lake. Marzouq alikuwa pia mkuu wa idara alimofanya kazi Zakariya. Siku moja ofisini, mbele ya watu, alimwambia, "Ya Zakariya, nitamwendesha mkeo mpaka lini? Nasikia nyinyi watu wa Afrika mnafunga injini kwa waya na inakwenda. Basi funga." Watu walicheka. Zakariya naye alicheka. Jioni ile ile alikwenda Firq kwa rafiki yake Majid, mwenye gereji, na tangu siku hiyo kila alipotoka kazini alikuwa mgongo chini, uso juu, chini ya gari. Alitoa giaboksi ya otomatiki akaweka ya mkono, na nyuma akabadilisha difu, lile kasha la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma.

*

Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Fakhriya alishika usukani. Gia hazikumpa taabu. Alijifunza kwenye pikapu ya kaka yake kabla hajajua kwamba kuna magari yanayojibadilisha yenyewe. Kilichomtisha kilikuwa kingine. Walipoiacha Nizwa na lami ikanyooka, gari lilikuwa kama limefungwa kamba nyuma. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, halikuteleza, lilijizuia. Kwenye kipilefti sauti ilitoka chini, nzito, kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Abla, nini hiyo?" Nada aliuliza kwa Kiarabu kutoka kiti cha nyuma, akimwita abla kama mwalimu wa kike anavyoitwa. Alikuwa msichana wa kucheka. "Gari lina njaa?"

"Halijazoea. Jipya."

Maha alikuwa mdogo wao na mkimya. Katika kioo Fakhriya aliiona midomo yake ikisoma Ayatul Kursiyyu.

Walipoingia kwenye changarawe sauti ilikoma. Gari likawa jepesi, likapanda kama mbuzi. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi: mahali pabaya lilitulia na mahali pazuri liliteseka. Walipofika shuleni aliwaacha wenzake watangulie, akazunguka nyuma ya gari, akainama kama anayefunga kiatu. Kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua. Alipeleka kiganja chini ya buti la gari, na joto likampiga kabla hajagusa chuma.

Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kwenye kona moja ya lami, upande wa kulia ambako hapakuwa na kitu ila hewa na, chini kabisa, mitende midogo kama majani ya kitunguu, nyuma ya gari ilisogea pembeni. Ilisogea kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja, kisha ikarudi. Nada alikuwa anasimulia habari ya harusi na hakutambua. Fakhriya aliweka gia ndogo, akaiondoa mlima ulipoisha.

Walipofika Manah, Marzouq alikuwa langoni akimngoja binti yake, na Zakariya amesimama naye. Fakhriya alimvuta mumewe kando akamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Hii gari ina kitu. Nyuma kunawaka moto. Kwenye kona ilitaka kunitupa."

Zakariya alimjibu kwa Kiarabu, kwa sauti, ili Marzouq asikie. "Anasema gari linaguna. Miaka yote amezoea otomatiki. Sasa anakanyaga klachi kama anaua nge."

Marzouq alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Wanawake na gia," alisema.

Fakhriya aliingia ndani. Alisimama kwenye sinki akiosha mikono ambayo haikuwa na uchafu, na maji yakaendelea kutiririka, mpaka Bi Shukriya alipokuja nyuma yake akafunga bomba bila ya kumwuliza.

*

Aliendesha wiki nzima hivyo hivyo. Kila alasiri alipowakuta watoto wake wamekaa sebuleni aliwagusa vichwa mmoja mmoja kama anayehakikisha. Na kila gari likiingia uani, alimwona Zakariya tayari yuko dirishani.

Alhamisi shule ilifungwa kwa mapumziko ya wiki, na Bi Shukriya alitaka ndimu na samaki wa soko la Nizwa. Wakati wa kurudi Fakhriya alikata kuingia Firq, akapita kati ya magereji na maduka ya vyuma, akasimama mbele ya gereji ya Majid. Mama mkwe alibaki garini akijipepea.

Majid alikuja akiwa anainama kwa heshima. Naye alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Karibu, shemeji. Chai?"

"Majid, giaboksi na difu ya nyuma vilitoka gari moja?"

Majid alifuta spana ambayo haikuwa na haja ya kufutwa. "Hayo mambo muulize Zakariya, shemeji."

"Nakuuliza wewe. Mimi ndiye ninayepanda nayo mlima."

Aliitazama spana, akaitazama barabara. "Giaboksi ilitoka kwenye gari iliyogongwa nyuma. Difu yake ilikuwa imepasuka. Tukapata difu nyingine, umbo ni lile lile, inakaa vizuri, lakini meno yake ya ndani hayalingani na ya giaboksi. Yanakaribiana. Hayalingani." Aliweka viganja viwili hewani, kimoja mbele ya kingine. "Mbele wanataka kwenda hatua moja, nyuma wanataka moja na kidogo. Kwenye changarawe magurudumu yanateleza, yanasameheana. Kwenye lami hayasameheani. Ule mtambo wa katikati ndio unabeba ugomvi wao siku nzima."

"Na ukichoka?"

"Unakatika. Au unashika, hauzunguki tena."

"Ukishika?"

Majid aliitundika spana ukutani. "Nilimwambia asubiri nitafute difu sahihi. Akasema Jumamosi gari lazima ipande. Tukaijaribu hapa nyuma." Alionyesha uwanja wa vumbi na kokoto nyuma ya gereji. "Ikaenda kama maji."

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua, shemeji. Na juzi nimempigia simu nimemwambia tena."

Njia nzima ya kurudi Manah Bi Shukriya alizungumzia bei ya ndimu. Fakhriya aliitikia, "Ndiyo, Mama," na "Kweli, Mama," akiendesha mwendo wa punda, magari yakimpita na kumpigia honi. Mpaka siku hiyo aliogopa chuma. Sasa alikuwa na kitu kingine cha kuogopa, nacho kilikuwa kikilala upande wa pili wa kitanda chake.

*

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Shukriya alipokwenda kujinyoosha na watoto, Fakhriya alikaa mbele ya mumewe. Zakariya alikuwa anamenya chungwa.

"Nimeonana na Majid."

Kisu kiliendelea kuzunguka. Ganda lilikatika, akaliokota, akaliweka sinia.

"Anaitafuta," alisema mwisho. "Imepatikana Sohar, wiki ijayo inafika. Wiki moja tu, Fakhriya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa."

"Naogopa tangu Jumamosi. Nimekuja kukwambia naogopa, ukanifanya kichekesho mbele ya Marzouq. Na ulikuwa unajua."

Zakariya aliweka kisu chini. "Ulitaka nimwambie nini yule bwana? Kwamba ni kweli, nimefunga kwa waya? Kila siku napita mbele ya meza yake. Akiona kalamu imedondoka ananiangalia mimi. Ukimwambia kazi ya mkono wangu imeharibika, nitaishi na maneno hayo mpaka nistaafu."

"Wale ni watoto wa watu, Baba Azza. Wewe unaweza kunichezea mimi, mimi ni mkeo. Nada na Maha wamekufanya nini?"

Zakariya alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioufanya uso wake sasa uwe mgumu kutazamika. Alilitenga lile chungwa vipande, hakula hata kimoja.

"Basi kesho nitaendesha mwenyewe," alisema. "Nitaomba ruhusa kazini. Mimi naijua gari ile, nitaiteremsha kwa mwendo wa miguu ikibidi."

"Wasichana hawapandi."

"Hawapandi. Nitampigia Marzouq leo, nitasema ekseli ina tatizo. Yeye atawapandisha."

"Uniahidi."

"Nimekuahidi."

Alasiri alimwona amesimama uani na simu mkononi, akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Fakhriya aliamini kwamba anazungumza.

*

Asubuhi, wakati Zakariya anapasha injini moto, jipu la Marzouq lilisimama langoni. Nada alishuka na mkoba wake. Maha alikuwa ameshafika kwa miguu, nyumba yao haikuwa mbali.

Fakhriya alimgeukia mumewe. Zakariya alikuwa anakagua kioo cha pembeni.

Marzouq aliteremsha dirisha. "Leo dereva ni wewe? Mke umemfukuza kazi?" Kisha akawatazama wote wawili, na uso wake ukabadilika kidogo, maana hakuwa mjinga. "Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo," alisema Zakariya. "Naomba ruhusa ya leo tu."

Marzouq akamtazama Fakhriya. "Hakuna?"

Maneno yalikuwa tayari, kwa Kiarabu, yamekaa mdomoni. Hayakuwa mengi. Lakini aliuona mkono wa mumewe uliokuwa juu ya paa la gari, unatetemeka kama wa mzee, na yeye anaubonyeza chini ili usionekane. Miaka yote aliyokaa naye hakuwahi kuuona mkono ule ukitetemeka.

"Hakuna," alisema Fakhriya.

Milango ilifungwa. Nada alikaa nyuma ya dereva, upande wa kushoto, Maha nyuma ya Fakhriya. Walipofika barabara kuu, na ile sauti ya kusaga ilipoanza, Fakhriya alizungumza kwa Kiswahili, macho mbele. "Ulisema utampigia."

"Nilishindwa."

"Ikishika mlimani?"

"Haishiki."

"Majid kasema inashika."

"Fakhriya, nakuomba. Usiseme mbele yao."

"Hawaelewi."

"Basi hata kwa sauti usiseme."

Nada aliinamia mbele kati ya viti. "Mnagombana?" aliuliza kwa Kiarabu, akicheka. "Nikiolewa sitaki mume wa kugombana asubuhi."

"Tunazungumzia watoto," alisema Fakhriya.

Walipanda salama. Zakariya alibaki shuleni siku nzima, na kila Fakhriya alipotazama dirishani aliiona miguu ya mumewe imechomoza chini ya gari, viatu vimeelekea mbinguni. Aliandika sentensi ubaoni, akaiandika tena chini yake ile ile, mpaka wanafunzi wakaanza kunong'ona. Aliwaza kuwaambia wasichana walale kijijini, kwa mwalimu mkuu. Angeulizwa sababu. Aliitafuta sababu kipindi baada ya kipindi, na kila aliyoipata ilikuwa na jina la Zakariya ndani yake.

*

Kwenye changarawe waliteremka bila ya kelele. Zakariya aliweka gia ndogo, hakugusa breki ila inapobidi, na Nada akamsifu kwamba anaendesha kama aliyembeba bibi harusi. Kisha lami ikaanza, nyeusi na laini, na mlima ukabaki kushoto, na kulia, upande wa Fakhriya, hapakuwa na kitu.

Kona ya kwanza walipita. Ya pili walipita, na kusaga kukawa kunguruma. Harufu iliingia ndani.

"Simama," Fakhriya alisema. "Baba Azza, simama hapa."

"Hapa hapasimamiki. Pale chini pana uwazi."

Hawakufika kwenye uwazi. Chini ya miguu yao kulitoka mlio mmoja, kama nyundo juu ya reli, na magurudumu ya nyuma yakashika. Gari lilikuwa bado linataka kwenda, nayo yamekataa. Nyuma yote ilijitupa kulia. Fakhriya aliona kioo chake kikijaa anga, kisha kikajaa bonde, na alisikia kokoto zikiruka chini ya mlango wake na zisisikike zikianguka popote. Hakupiga kelele. Alikuwa na wazo moja tu, dogo na la kipumbavu, kwamba hakuwaachia watoto chakula cha usiku.

Zakariya aliukata usukani kushoto kwa nguvu zake zote. Gari lilivuka barabara kwa ubavu na kuupiga mwamba wa mlima, mlango wa nyuma wa kushoto ukatangulia. Vioo vilimwagika. Kisha kukawa kimya, ila kwa oili iliyokuwa ikidondoka juu ya chuma cha moto na kukaangika kidogo kidogo.

"Mkono wangu," alisema Nada, kwa sauti ya mtoto. "Abla, mkono wangu."

*

Wanakijiji waliokuwa wakipanda na pikapu iliyobeba majani ya mbuzi waligeuza na kuwapeleka hospitali. Mkono wa Nada ulikuwa umevunjika mahali pawili, na uso umechanwa na kioo. Alipoingizwa ndani, wengine walikaa kwenye benchi la ukumbi: Zakariya, Fakhriya, na Maha mwenye plasta kwenye paji la uso. Askari wa usalama barabarani alikuwa ameshawaambia wasiondoke. Marzouq alikuwa njiani.

Zakariya aliinamisha kichwa karibu na sikio la mkewe. Alizungumza Kiswahili, chini kwa chini. "Tuseme breki. Breki hazina mwenyewe, breki zinakatika kwa kila mtu. Fakhriya, unanisikia? Tuseme breki."

Aliyejibu alikuwa Maha.

"Mimi nasikia," alisema Maha kwa Kiswahili.

Wote wawili walimgeukia. Msichana alikuwa anatazama viganja vyake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, cha mtu aliyekisikia jikoni na hajawahi kuombwa akiseme. "Bibi yangu anasema na mama Kiswahili. Mimi nasikia yote, kusema kidogo. Leo asubuhi nasikia. Mnasema itashika." Alivifunga viganja. "Nilitaka kusema nashuka. Nikaona aibu. Nyinyi wakubwa. Nikasoma aya tu."

Hakuwa analaumu. Hilo ndilo lililomvunja Fakhriya. Watu watatu walikaa katika gari lile wakijua, kila mmoja na hofu yake amejifunga nayo mkanda, na wa nne peke yake ndiye aliyekuwa akicheka, na yeye ndiye aliyevunjika.

Zakariya alifunika uso kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa bado vyeusi kwa oili.

Marzouq aliingia bila ya kilemba, kichwa wazi, na watu wakampisha. Alikwenda kwanza kwa daktari, akaongea naye, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. Kisha akaja kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Nini kimetokea?"

Fakhriya alimngoja mumewe. Alimpa nafasi, kadiri alivyoweza kumpa, akisikia saa ya ukutani na magurudumu ya kitanda kinachosukumwa mahali. Zakariya aliondoa mikono usoni, akafungua mdomo, akasema, "Breki," kisha akashindwa kuendelea.

"Si breki," Fakhriya alisema kwa Kiarabu, akasimama ili azungumze naye uso kwa uso. "Difu iliyofungwa nyuma haikulingana na giaboksi. Ilijulikana. Mimi nilijua tangu Alhamisi. Asubuhi uliniuliza kama kuna tatizo, nikakwambia hakuna."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukamfungia binti yangu mlango wa gari."

"Nikamfungia."

Askari alikuwa amesogea. Marzouq alimtazama Fakhriya kwa muda, kisha akamtazama Zakariya, na watu wa ukumbini wote wakawa wanangoja atukane. Hakutukana.

"Ningekuletea gari langu," alimwambia Zakariya. "Neno moja tu."

"Ungenicheka," alisema Zakariya. Ndiyo mara ya kwanza Fakhriya kumsikia akimwambia mkuu wake kitu cha kweli.

Marzouq alifikiri. "Ningecheka," alikubali. "Halafu ningekuletea." Akageuka, akaingia kwa binti yake, na mlango ukafungwa taratibu na ile mashine yake ya juu.

Zakariya alikwenda na askari kuandikisha maelezo. Kabla hajaondoka alimwambia mkewe kwa Kiswahili, bila ya hasira, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ndiyo," alisema Fakhriya. "Nimejivua na mimi."

*

Gari lilivutwa mpaka Firq na kuachwa nyuma ya gereji ya Majid. Difu ya Sohar ilifika siku iliyoahidiwa na hakuna aliyekwenda kuichukua. Zakariya alitozwa faini, akafungiwa leseni, na ofisini akahamishiwa ghala la vifaa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakujulikana kama ni Marzouq aliyeamuru au ni yeye mwenyewe aliyeomba. Nyumbani alizungumza kidogo, lakini jioni moja, akiwa anakula, alimwambia mama yake kwamba ajali ile ilikuwa ya mkono wake. Bi Shukriya alisema, "N'najua, mwanangu. Kula." Nada alipona mkono, alama ya shavuni ikabaki, na babake akamtafutia shule ya mjini. Fakhriya alikwenda kumwona, akapokewa kwa kahawa na tende, na hakukaribishwa tena.

Muhula ulipoanza, walimu wa mlimani walichangiana gari la kukodi. Dereva alikuwa kijana wa Bahla, mchangamfu, mwenye miwani ya jua. Asubuhi ya kwanza aliposimama Manah, Maha na walimu wengine wawili walikuwa wameshapanda. Dereva alimfungulia Fakhriya mlango.

Fakhriya hakupanda. "Breki na matairi uliyatazama lini?"

Kijana alicheka, akawageukia walimu ili wacheke pamoja naye. "Abla, gari zima hili. Panda, tutachelewa."

"Tutachelewa," Fakhriya alisema. "Uliyatazama lini? Na nani?"

Mmoja wa walimu alitazama saa yake na kupumua kwa nguvu. Mwingine alisema kitu kuhusu mwalimu mkuu. Fakhriya alisikia uso ukimwaka moto. Mlima ulikuwa mbele yake ukianza kupata jua. Mlango wa upande wa pili ulifunguka. Maha akateremka na mkoba wake, akazunguka gari, akaja kusimama naye kando ya barabara.

Dereva alivua miwani. Fakhriya akamtazama machoni, mlango uko wazi, akangoja ajibiwe.